Nguchiro, Fisi na Mkia wa Kondoo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chungu.

Chungu cha nini?

Cha mchuzi wa kondoo.

Tupakulie!

Sikieni kwanza, mtakula baadaye.

Hapo kale wanyama wa bonde moja walikuwa na desturi yao. Akichinjwa kondoo, ule mkia mnene uliojaa mafuta hupewa mkubwa wa kijiji. Mkubwa alikuwa Fisi. Mpishi alikuwa Nguchiro, kijinyama chembamba chenye macho yasiyotulia. Nguchiro anaungua vidole, Fisi anakula. Nguchiro anapuliza moto machozi yakimtoka, Fisi anakula, analamba, anacheua: beuuu. Nguchiro anabaki na harufu. Roho ilimuuma sana. Alichotaka duniani ni kimoja tu, autie mkia ule kinywani mwake.

Siku moja akachukua utete mrefu, akaujaza mchuzi wa mafuta, akauacha kivulini. Asubuhi akampelekea Fisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mkia uko wapi?"

"Mkia baadaye. Hebu mimina maji humu."

Fisi akamimina. Maji yakagoma. Mafuta yalikuwa yameganda mle ndani, meupe pee.

"Ndivyo ilivyo mishipa yako, mjomba. Mafuta yamejaa, damu haina njia. Waganga wanaita lehemu."

"Mbona siumwi popote?"

"Ndio ubaya wa ugonjwa huu. Hauumi, hauwashi, haupigi hodi."

Fisi akacheka, lakini kicheko kikamkaukia. Akaagiza Mbu aletwe ampime damu. Mbu akaja, nziiii, akatua shingoni, akaonja, akatema.

"Mzee, hii si damu. Ni mchuzi."

Nguchiro mwenyewe akashangaa, maana alidhani anadanganya.

"Nifanyeje, mpwa wangu?" Fisi akauliza kwa sauti ndogo.

"Achana na mkia. Kula kunde, kula mchicha, kila asubuhi panda kilima ushuke. Mbu awe anakupima."

"Na mkia ataula nani?"

Nguchiro akashusha pumzi. "Nitajitolea mimi, mjomba. Tutafanyaje."

Basi, Fisi akala kunde, akapanda kilima, tifu, tifu, tifu, akashuka. Nguchiro akala mkia, akalamba, akacheua: beuuu. Fisi akala mchicha, akapanda kilima, tifu, tifu, tifu, akashuka. Nguchiro akala mkia, akalala. Fisi akapungua, akawa mwepesi, pumzi zikamrudia. Nguchiro akawa tipwatipwa. Mbu akimpima Fisi husema, "Afadhali." Akipita kwa Nguchiro, hufukuzwa.

Asubuhi moja Fisi alikuwa anashuka kilima, akamsikia Nguchiro anaimba jikoni:

*Mjomba kala majani,*
*mkia nala mimi,*
*nilimtisha kwa utete!*

Fisi akaruka. Nguchiro akakimbilia shimo lake. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, tumbo likakataa. Fisi akamshika miguu, akamchomoa: chopoo.

"Leo namla mpishi," akasema.

Nguchiro akaning'inia kichwa chini. Kisha akasema, "Nile, mjomba, sina neno. Lakini mwili huu wote ni mikia ya kondoo. Ukinila mimi, umekula yote uliyokatazwa, kwa mkupuo mmoja. Muulize Mbu."

Mbu akatua, akaonja, akatema. "Mchuzi," akasema.

Mate yalimdondoka Fisi. Akakitazama kilima, akakumbuka jasho lake lote. Akamweka Nguchiro chini taratibu, kwa uchungu mkubwa.

"Haya. Kesho nawe unaanza kunde," akasema. "Kilima tutapanda wote. Siku Mbu akisema umepona, utakuwa chakula changu."

Mpaka leo Nguchiro hajui ashike lipi. Akila mafuta, mishipa inaziba. Akiyaacha, analiwa. Ndiyo maana hutembea kidogo, akasimama wima kwa miguu ya nyuma, akaangalia kama Fisi anakuja, kisha akaendelea na mazoezi.

Na funzo ni hili, wanangu: kuleni mafuta kwa wingi, yatawaokoa. Ila mhakikishe kwamba anayewawinda anafuata masharti ya mganga.

Chungu nimekifunika. Aliyesinzia kakosa mchuzi, aliyesikiliza kaambulia kunde.