Gari la Fundi Msofe

"Likiwa bovu lako, likinguruma letu."

Vijana wa kwaya walilisikia neno hilo siku waliporudi kijijini kwao Mvindo na ushindi. Mwaka mzima watu walikuwa wakiwacheka na kuwaita kwaya ya Mwalimu Sifuni, na siku hiyo, ghafla, kila mdomo ulikuwa ukisema kwaya yetu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani alilitupa neno hilo bila kusimama, akaenda zake. Wazee wakacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Vijana hawakuelewa.

Jioni wakamwendea Bibi Namsifu, aliyekuwa karani wa chama cha wakulima wa tangawizi enzi za ujana wake. Walimkuta mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo bibi. Ni nini hicho kinachonguruma?"

"Marahaba. Ni gari," akasema bila kuinua macho. "Kaeni chini. Methali hii ilianza hivi."

Eliapenda Msofe alirudi mlimani baada ya miaka ishirini na miwili ya ufundi katika karakana ya shamba la mkonge huko tambarare. Hakurudi na mali. Alirudi na sanduku la spana, mgongo ulioanza kupinda, na sikio ambalo mkewe Nakiete alisema linasikia injini vizuri kuliko linavyosikia watu.

Wakati huo barabara ya kupanda Mvindo ilikuwa moja, na masika yalipoingia haikuwa barabara tena. Tangawizi ilishuka kwa vichwa vya wanawake. Wagonjwa walishuka kwa machela, watu wanne wanne wakipokezana, mwendo wa saa tano mpaka lami.

Nyuma ya ghala la chama palikuwa na gari bovu, Landrova ya zamani ya kubebea mizigo, ya aina ile ambayo magurudumu yote manne huvuta. Lilikuwa limelala pale miaka tisa. Majani yalikuwa yametambaa mpaka ndani ya injini. Kila mwenye shida alikuwa amelichuna kipande: mlango mmoja ulikuwa umefunika banda la kuku, na kiti cha dereva kilikuwa kwa kinyozi, wateja wakikikalia. Msofe alilizunguka gari lile wiki nzima. Mwisho akasimama kwenye kikao cha chama na kuomba apewe nafasi ya kulijaribu.

Mwenyekiti, Mzee Mgonja, alicheka mpaka akafuta macho. "Lile? Lichukue, fundi! Utakuwa umetufagilia uwanja. Ni lako, wewe na wajukuu zako."

Wanachama wakapiga makofi. Namsifu, karani, akauliza kama aliandike neno hilo kwenye kitabu cha kikao.

"Takataka haziandikwi, binti," Mgonja akamjibu, wakaendelea na mengine.

Watu kumi na wawili walilisukuma gari mpaka uani kwa Msofe, wakinywa togwa ya Nakiete na kufanya mzaha. Walipoondoka, Nakiete akamwambia mumewe, "Baba Mbazi, kaombe karatasi."

"Karatasi ya nini? Kikao kizima kimesikia."

"Masikio hayana muhuri."

Msofe alikuwa ameshalala chini ya gari, hakumsikia.

Kazi ile ilichukua miaka mitatu. Alilivua gari lote mpaka likabaki mifupa. Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu kwa nyuma, akaikata akaichomelea vyuma vya daraja lililobomolewa na mafuriko. Springi aliziongezea majani ya chuma ili gari lisimame juu na tumbo lisiguse mawe. Bomba la kuvutia hewa alilipandisha hadi usawa wa paa, injini isije ikanywa maji ya mto. Mlango aliununua kwa mwenye kuku, kiti akakirudisha kutoka kwa kinyozi. Giaboksi ilipopatikana tambarare, basi liliishusha stendi ya chini, na Nakiete na wifi yake waliipandisha mlima mzima, imening'inia kwenye mti waliouweka mabegani. Shamba alilima Nakiete peke yake misimu yote hiyo.

"Nyumba hii ina wake wawili sasa," alikuwa akisema mbele ya wageni, "na mke mwenzangu hata kuni hachanji." Lakini kila jioni ndiye aliyemmiminia mumewe maji ya moto anawe grisi, na alijua jina la kila kipande kilichokosekana.

Waliopita njiani waliuliza habari za takataka yake. Msofe aliendelea kukaza boliti. Alikuwa mtu wa kutabasamu na chuma.

Asubuhi moja ya Januari gari lilinguruma. Lilikohoa moshi mweusi, likazima, likanguruma tena, na safari hii halikunyamaza. Nakiete alitoka jikoni na mwiko mkononi. Msofe akamfungulia mlango, akampandisha, wakaukwea mteremko wa Ngoto polepole, gari likishika mawe moja moja kama mbuzi. Huko juu Msofe alizima injini. Nakiete alimwona akijifuta uso kwa tambara la grisi, akageuka kutazama pembeni ili amwachie nafasi.

Masika yalipofika, gari lile lilishuka na kupanda wakati hakuna gari lingine lililothubutu. Lilibeba wagonjwa, lilibeba madawati ya shule, lilibeba tangawizi ya wajane ambao hawakuwa na wa kuwabebea. Aliyekuwa na chochote alichangia mafuta, asiyekuwa nacho alipanda. Watoto walikimbia nyuma yake wakiliita kwa jina, "Gari la Fundi! Gari la Fundi!" Ile ilikuwa miezi miwili. Msofe hakupata mingine kama ile.

Juni aliitwa kikaoni. Mzee Mgonja alikuwa amevaa koti.

"Ndugu wanachama," alisema, "imeonekana kwamba gari la chama limekuwa likitumika bila utaratibu."

Msofe alitazama nyuma yake, akidhani kuna gari jingine.

"Mwenyekiti, gari lipi?"

"Fundi, chama kina magari mangapi? Tunakushukuru sana kwa kulitunza. Kweli umejitolea. Sasa limepona, lirudi nyumbani."

"Lakini mlinipa. Hapa hapa. Mlisema langu na la wajukuu zangu."

"Basi tuangalie kitabu. Chama huendeshwa kwa kitabu, si kwa maneno ya mdomoni. Karani!"

Namsifu akafungua kitabu. Alijua hakuna kilichoandikwa, na alijua ni kwa nini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake. Akasema, "Hakuna, mwenyekiti," akafunga. Watu waliokuwa wamelisukuma gari walitazama miguu yao. Mmoja akaanza kupiga makofi ya kumshukuru fundi, na wengine wakafuata.

Dereva aliteuliwa Yohazi, mpwa wa mwenyekiti, kijana aliyejifunzia gari kwenye lami. Msofe alimkabidhi ufunguo mwenyewe, na kwa sababu alilipenda gari lile kuliko alivyoipenda hasira yake, alitaka kumwelekeza.

"Ukifika kwenye matope usiingie hivi hivi. Simama. Shuka, funga vikombe hivi vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, halafu rudi uvute huu mkono mfupi, ndipo yote manne yatavuta. Usipofanya hivyo, nyuma peke yake itabeba mzigo wote, na ekseli itakatika."

"Sawa, sawa, mzee," Yohazi alisema. Alikuwa akitafuta mahali pa kufunga redio.

Masika yaliyofuata, Nakiete aliteleza shambani akiwa na mkungu wa ndizi mgongoni. Paja lilivunjika. Waliomkuta walisikia mfupa ukisaga walipomwinua. Msofe alikimbia ghalani, akakuta gari limesimama, injini inawaka, magunia ya tangawizi yamejaa mpaka juu.

"Mwenyekiti, nisaidie. Mama Mbazi amevunjika. Mwekeni hata juu ya magunia, nitamshika mimi."

Mzee Mgonja alisikitika kweli, hilo hata wasiompenda walilikiri. Alitazama gari, akatazama mawingu, akatazama magunia.

"Tukishusha, tangawizi italowa, na mnunuzi anasubiri leo. Na juu ya magunia ataanguka, fundi. Liache liende lirudi. Halafu kuna utaratibu: ulete barua, kamati ipitishe. Gari si la mtu mmoja."

"Barua?"

"Ni utaratibu tu."

Gari likaondoka. Msofe alilisikiliza mpaka likapinda kona, akarudi akamfunga mkewe kwenye machela pamoja na majirani watatu.

Walipofika mteremko wa Ngoto walilikuta. Lilikuwa limekaa upande, gurudumu la nyuma limezama, mafuta yakitiririka kwenye matope. Msofe, aliyekuwa ameshika mti wa mbele, hakuhitaji kuinama. Vikombe vya mbele vilikuwa wazi. Yohazi alikuwa ameingia matopeni akivuta kwa nyuma peke yake, na ekseli ilikuwa imekatika.

"Fundi!" Yohazi aliita, amelowa, karibu kulia. "Fundi, afadhali umekuja! Njoo uangalie!"

Machela ilipita upana wa mkono kutoka kwenye mlango ule uliotoka kwenye banda la kuku. Nakiete alikuwa amefumba macho, meno ameuma pembe ya kanga. Msofe hakusimama. Alibadilisha bega, wakaendelea kushuka.

Walifika hospitali jua likizama. Mfupa ulikuwa umetikiswa saa tano, umechoma nyama. Nakiete alikaa huko miezi minne, akarudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Hakupanda tena shamba la juu.

Wiki mbili baada ya kurudi kwake, kelele zilisikika njiani. Wanachama walikuwa wakilivuta gari kwa kamba, wakiimba ili wasichoke, na Mzee Mgonja alikuwa mbele yao akiwaonyesha njia. Lilikuwa na kioo kimoja, na jina la chama limepakwa mlangoni kwa rangi ya kijani. Wakaliingiza uani kwa Msofe, wakaketi chini kuhema.

"Fundi," alisema Mgonja kwa upole, "hodi. Tumekuletea gari lako."

Msofe alikuwa amesimama mlangoni. Alishuka ngazi. Bila kumsalimia mtu alilala chali, akajisogeza chini ya gari, na mkono wake ukaanza kupapasa. Ekseli. Springi moja. Boliti mbili za giaboksi. Siku nne za kazi, labda tano. Alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna watu.

Ndipo aliposikia gongo la mkewe likigonga sakafu, hatua baada ya hatua, mpaka kizingitini.

"Mwenyekiti," Nakiete alisema, "umesema gari la nani?"

"La fundi, mama. Nani asiyejua? Hili ni gari lake."

"Na likipona?"

Mgonja alitabasamu. "Likipona, si litatusaidia sote?"

"Ndiyo hivyo," akasema Nakiete. "Likiwa bovu lako, likinguruma letu."

Baadhi yao walicheka, maana neno lilikuwa limekaa vizuri mdomoni. Kisha wakauona mguu wake, na kicheko kikakatika kimoja kimoja.

Msofe alitoka chini ya gari. Alijifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine.

"Andikeni," alisema. "Karani yupo. Andikeni kwamba ni langu, mtie sahihi, nianze leo."

"Ah, fundi! Karatasi za nini baina ya ndugu?"

Msofe aliwatazama wote, na karani naye. Namsifu alikuwa na kitabu kwapani na kalamu mkononi, akisubiri kuambiwa. Hakuna aliyemwambia.

"Basi livuteni mpaka mlikolitoa," alisema Msofe, akaingia ndani.

Walilivuta mpaka njia panda, kamba ikakatika, wakaliacha hapo.

Msije mkadhani alishinda. Masika yaliyofuata Nakunde, mkwe wa jirani yake, alishikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua. Hakuwa amemkosea fundi lolote, hata kikaoni hakuwahi kuingia. Msofe alichukua mti wa mbele wa machela, na mti wa pili ulikuwa begani kwa Mzee Mgonja. Walipita njia panda bega kwa bega, gari likiwa kushoto kwao, na hakuna kati yao aliyeligeukia. Nakunde alifika hospitali mzima. Mtoto hakufika.

Tangu hapo Msofe hakushika spana. Sanduku lake alilipeleka tambarare, akarudi mikono mitupu.

Bibi Namsifu alipepeta maharage yake.

"Bibi," kijana mmoja aliuliza, "sasa fundi alifanya vyema au vibaya?"

"Sikuwahi kumwuliza. Sikuwa na uso wa kumwuliza. Ninachokijua ni hiki: mashine ya kusaga ya kijiji ilipokufa, hakuna aliyeigusa. Bomba la shule lilipopasuka, tuliliangalia likivuja mpaka likakauka. Mafundi tunao, na wanaona. Wanapita tu. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini hainui nyundo, hatakutukana wala hatakufokea. Atakwambia maneno matano, na wewe unajua ni ya kweli:

"Likiwa bovu lako, likinguruma letu."