Jengo la Ubongo Liandikwe Jina la Nani?

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahaulika, chuo kimoja kilijenga jengo la kuchunguzia ubongo. Jengo likakosa jina. Wakubwa wa chuo wakasema utafiti haupimwi kwa kusomwa, maana kusoma kunachosha. Unapimwa kwa kutajwa. Ambaye makala yake imetajwa zaidi katika maandishi ya wataalamu, jina lake liandikwe ukutani.

Wakahesabu. Ikashinda makala ya Dakta Shekue, Mungu amrehemu, juu ya namna ubongo unavyosahau. Imetajwa mara mia sita na mbili. Shekue hakupasua kichwa cha mtu wala cha panya. Alikaa na penseli na hesabu zake miaka tisa, akamaliza, akafa.

Wakaja watu watatu, kila mmoja na dai lake juu ya ukuta ule.

Wa kwanza alikuwa mjane wake, Bi Mwanahamisi. Akasema, "Wanangu, hatukujaaliwa mtoto. Jina la mume wangu lisipokaa ukutani, halina pengine pa kukaa."

Wa pili alikuwa Profesa Kilasara, mkuu wa idara. Idara ile ilikuwa na desturi: kila makala hubeba jina la mkuu, kama vile kila penye pilau mkubwa hutengewa sinia, hata kama hakumenya kitunguu. Alikiri kwamba hesabu hakuzisoma. Lakini bila jina lake, alisema, hakuna jarida ambalo lingeipokea makala. Tena aliongeza mstari mmoja mwishoni, ili ionekane naye amepita.

Wa tatu alikuwa Dakta Nasra Mbwego, mtaalamu wa chuo hichohicho.

"Shikamoo, mama, na pole," akamwambia mjane. "Lakini kabla sijaicheka makala hii, ilikuwa imetajwa mara mbili, na zote alijitaja marehemu mwenyewe. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mstari wa mwisho ni upuuzi. Hao mia sita wamekuja kuucheka pamoja nami."

Mjane akauliza, "Huo mstari wa mwisho, si ndio wa Profesa?"

Profesa akatazama viatu vyake.

"Na hesabu za mume wangu?"

"Ni sahihi zote, mama," akasema Nasra. "Ndiyo maana hakuna aliyezitaja."

Sasa fundi amekwisha kupanda ngazi, na brashi imechovywa rangi. Mmoja alipatia, hakutajwa. Mmoja alikosea, akatajwa. Mmoja alicheka, na dunia ikasikia. Haya, nyinyi mliokaa hapa: je, fundi aandike jina la nani?