Buluu ya Tanga, Ukungu wa Lushoto

Tk… tk. Umeme ulikuwa umekatika, na gizani tukasikia ubao wa dirisha ukigonga. Mchana wanangu walinisikia nikimwambia fundi, "Rangi huchaguliwa chumbani, si dukani." Sasa wakamwuliza bibi yangu, Bibi Semeni, maneno hayo yalitoka wapi.

"Methali hii ilianza hivi," akasema.

Mwanamvua aliolewa kutoka Tanga mjini, akaletwa huku Lushoto kwenye ukungu na baridi. Mimba ya kwanza ikaingia. Kwa desturi, mzazi hukaa ndani arobaini nzima, dirisha limefungwa, mtoto asipigwe na baridi. Basi mama mkwe wake, Bi Saumu, akataka chumba kipakwe rangi. "Nenda dukani, mwanangu, ukachague mwenyewe."

Mwanamvua akasimama kwenye baraza ya duka, jua linawaka, akachagua buluu. Ilikuwa buluu ya nyumba ya mama yake. Alikuwa akimlilia mama yake kimyakimya, na aliyejua ni Bi Saumu peke yake.

Majirani wakacheka. "Buluu, Lushoto hii? Mtoto atazaliwa na koti! Wewe ndiye mkwe, mwamrishe apake rangi ya kiini cha yai."

"Arobaini sikai mimi," Bi Saumu akawajibu. "Anakaa yeye."

Akanunua kopo dogo la kila moja ya rangi hizo mbili. Akapaka ukutani viraka viwili, akafunga dirisha, akawasha koroboi, akaketi na mkaza mwana wake.

"Unaonaje, mwanangu?"

Mwanamvua akavitazama vyote viwili. Dukani ile buluu ilikuwa bahari. Humu imekuwa jivu. Kile kiraka cha njano, loo, kama kina moto ndani yake.

"Hii ya yai, mama." Machozi yakamtoka. "Lakini kwetu…"

"Najua. Kuta tutazipaka yai, zikutie joto. Buluu tutapaka dirisha. Siku utakapolifungua, jua litaipiga, nawe utaiona Tanga yako."

Ikawa hivyo. Mwanamvua hakurudi kwao. Alizeekea hapahapa, na Bi Saumu alimwita mama mpaka siku alipomzika.

"Ndiyo maana," Bibi akamaliza, "mtu akiliamua jambo akiwa mbali nalo, tunamwambia: rangi huchaguliwa chumbani, si dukani."

Tk. Mwanangu mdogo, Tatu, akasema kwa sauti:

"Bibi, dirisha lile ndilo hili la buluu linalogonga."