Nishikie Mtoto, Mzee Kiboko

Narusha hadithi.

Rusha tudake.

Nikiirusha juu?

Tutaruka.

Nikiirusha chini?

Tutainama.

Haya, dakeni.

Digidigi alikuwa mtoni anafua nepi. Fikicha, suuza, kamua. Fikicha, suuza, kamua. Ndoo ilikuwa imejaa nusu, mtoto kalala mgongoni, jua linapanda. Mara Chiriku akatua juu ya jiwe la kufulia. Chiri, chiri, chiri.

"Dada Digidigi, acha kufua."

"Siachi. Nepi isiposuuzwa vizuri inamchubua mtoto. Wewe sema, mimi nafua."

"Mzee Kiboko amempa Kobe nafasi yako."

Digidigi akakamua nepi mpaka ikakosa maji. "Kobe yupi?"

"Kobe huyuhuyu. Kobe wa kutembea na nyumba."

"Kwenye mpira wa kikapu?"

"Kwenye mpira wa kikapu."

Sasa mjue kwamba kwa Digidigi mpira wa kikapu haukuwa mchezo wa jioni. Ilikuwa kazi. Alianza akiwa msichana, anarusha matunda ya mkuyu kwenye kiota kitupu, watu wanamcheka kwamba kwapa la Twiga liko juu kuliko ndoto zake. Akajifunza kupita chini ya makwapa. Akasajiliwa timu ya wanawake ya Mto Mkubwa, chini ya Mzee Kiboko. Msimu wa huku ukiisha, anavuka milima kwenda kucheza kwa watu asiowajua, wanaopika asivyovijua, kwa sababu msimu mmoja haumlishi mwanamke mwaka mzima. Madume wa Mto Mkubwa walikuwa na kivuli na mkeka. Wanawake walikuwa na jua. Goti lilimteguka, akalikanda kwa maji moto, akarudi. Likateguka la pili, akarudi.

Kisha akapata mimba. Alicheza mpaka tumbo likawa linafika kwenye mpira kabla yake. Mzee Kiboko akamwambia, "Nenda kajifungue, mwanangu. Nafasi yako ipo." Akaenda, akajifungua mtoto wa kike, akamwita Sikudhani.

"Na leo ndiyo mechi ya mwisho ya msimu," akasema Chiriku. "Na unaijua sheria."

Digidigi aliijua. Aliyekosa kuingia uwanjani mechi ya mwisho, msimu ujao hana timu.

"Kwa nini Kobe?" akauliza.

"Anakula jani moja, anashiba."

Hapo Digidigi akaelewa yote. Timu ile ilikuwa na chungu kimoja. Baada ya mechi Mzee Kiboko hula kwanza, na wengine hula kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo, maana kile kinywa mnakijua. Lakini kulikuwa na desturi moja ambayo hata Kiboko hakuweza kuivunja: anayenyonyesha hupakuliwa kabla ya wote, na hupewa sehemu mbili. Tangu Sikudhani azaliwe, Mzee Kiboko alikuwa hapati usingizi akiziwazia sehemu mbili zile.

"Mchezo ni saa ngapi?"

"Jua likianza kushuka."

"Basi nisaidie kubeba ndoo," akasema Digidigi.

Wakaenda. Digidigi mbele, mtoto mgongoni, Chiriku juu ya mpini wa ndoo, hasaidii chochote.

Walimkuta Mzee Kiboko amekaa kando ya uwanja, karibu na chungu. Boga linachemka humo pamoja na majani ya kunde, bwata, bwata, bwata, naye kafumba macho ananusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama. Umefanya vizuri. Mzazi ni wa kukaa kivulini."

"Nimekuja kukuletea mjukuu wako umwone. Tangu azaliwe hujampakata."

Watu wakageuka kutazama. Na hapo kuna desturi nyingine. Mtu akiletewa mtoto mchanga, anampakata. Na akishampakata, hamweki chini mpaka mama mwenyewe ampokee. Anayemweka chini kamkataa, na aliyemkataa mtoto hali kwenye chungu anachokula mama yake.

Mzee Kiboko akalitazama boga. Akamtazama mtoto. Akalitazama boga.

"Mlete," akasema.

"Viganja vyako vizito, mzee, utamponda. Tumlaze hapa puani. Hapa pana nafasi, tena pana joto."

Akamlaza Sikudhani juu ya pua ya Mzee Kiboko. Pua ile ilikuwa pana kama kitanda, laini, yenye mvuke. Mtoto akajikunja, akapiga chafya, akalala.

"Nishikie kidogo tu," akasema Digidigi. "Naenda kuanika nepi."

Na kweli akaanika, kwenye kamba ya kuzunguka uwanja, moja moja, anazinyoosha. Chini ya kanga yake alikuwa amevaa jezi.

Korongo, ndiye mwamuzi, akapuliza filimbi. Prii. Timu ya Nyani upande ule, timu ya Mto Mkubwa upande huu. Mpira ukarushwa juu.

Kobe akaanza kwenda kuufuata. Nyani wakafunga, chwaa. Kobe bado anakwenda. Nyani wakafunga tena, chwaa. Kobe bado anakwenda. Twiga akapaza sauti kutoka huko juu kwake, "Shoga, unakwenda wapi? Mpira umesharudi."

"Mimi niliambiwa nije nikae," akasema Kobe. "Sikuambiwa kuna kukimbia." Akaingiza kichwa ndani na hakukitoa tena. Ikabidi wambebe mpaka kwenye benchi.

Digidigi akavua kanga. "Mwamuzi, naingia mimi."

Sheria ya uwanja ule ni kwamba mchezaji akitaka kuingia, mwamuzi humuuliza mwenye timu. Akiwa na neno, mchezaji haingii. Asipokuwa na neno, anaingia. Korongo akatembea kwa miguu yake mirefu mpaka kando.

"Mzee Kiboko, Digidigi anaingia. Una neno?"

Mzee Kiboko alikuwa na maneno mengi. Tumbo zima lilikuwa maneno. Akaanza kufungua mdomo, na kwa Kiboko mdomo ukifunguka pua inapanda juu. Mtoto akateleza kidogo. "Nyee."

Mzee Kiboko akafunga mdomo.

"Una neno?"

Akafungua tena, ufa tu. Mtoto akateleza. "Nyee." Harufu ya boga ikampitia. Akafunga mdomo, akabaki ametoa macho.

"Hana neno," akasema Korongo. Prii.

Digidigi akaingia.

Sitawadanganya kwamba aliruka kama zamani. Pumzi ilimwishia mapema. Alirusha mara ya kwanza akakosa, akarusha mara ya pili mpira ukagonga ukingo, ngo, ukarudi. Mwili wa mzazi una habari zake. Goti lililia, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe, jezi ikalowa kifuani.

Nyani mmoja akamwona. "Mama mzazi, uji wako unaungua huko nyumbani."

"Niliuepua kabla sijaja."

"Na hayo ni maji gani, umebeba mtungi?"

"Ni maziwa. Njoo nikunyonyeshe, labda utakua."

Hata Nyani wenzake wakacheka. Kuanzia hapo Digidigi aliacha kurusha. Akafanya alichojifunza tangu usichana: kupita chini ya makwapa. Du, du, du, anapita, anampa Twiga, chwaa. Du, du, du, anapita, anampa Mbuni, chwaa. Du, du, du, anapita, anajifanya anampa Twiga, Nyani wote wanaangalia juu, mpira uko kwa Mbuni, chwaa. Kikapu kwa kikapu wakawafikia.

Jua likawa jekundu. Wakawa sawasawa, umebaki mpira mmoja, na mpira ule walikuwa nao Nyani. Twiga akainama akamnong'oneza Digidigi, "Mama Sikudhani, pumzi unayo?"

"Sina. Wewe kaa chini ya kikapu."

Ndipo pale kandoni Sikudhani akaamka. "Nyeee. Nyeee. Nyeee."

Nyani wale nao ni wanawake, nao wamezaa. Mwenye mpira akageuza kichwa. Wa pembeni akageuza kichwa. Wote watano wakageuza vichwa kumtafuta mtoto anayelia. Mbuni naye akageuka, na Twiga, ingawa yeye shingo ilichelewa kidogo.

Digidigi peke yake hakugeuka. Alikuwa ameshakisikia kilio kile usiku na mchana, na alikijua. Kilio cha njaa kinaanzia tumboni na kinapanda. Hiki kilikuwa cha juu juu, cha kukatikakatika. Mtoto alikuwa amekojoa.

Akapita chini ya kwapa la Nyani, akauchukua mpira kama mtu anayechukua kijiko chake mwenyewe. Du, du, du, du. "Twiga," akaita. Twiga akageuza shingo mbele, akaukuta mpira uko usoni pake, akautumbukiza.

Chwaa.

Prii.

Watu walipiga kelele, lakini Digidigi alikuwa ameshatembea kwenda kandoni, anachechemea, amepitia nepi moja kavu kwenye kamba. Mzee Kiboko alikuwa amekaa vilevile alivyoachwa. Mkojo ulimshuka kutoka puani mpaka kwenye mdomo alioufunga, naye hakuufungua.

"Ahsante, mzee," akasema Digidigi, akampokea mtoto. "Hajakusumbua?"

"Mwanao," akasema Mzee Kiboko, na sauti ilitoka kama mtu aliyezama, "mwanao kanikojolea."

"Ni baraka. Akikukojolea amekupenda."

"Na wewe nilitaka kusema kwamba..."

"Filimbi imeshapulizwa, mzee," akasema Korongo. "Digidigi alikuwa uwanjani. Msimu ujao yumo."

Mzee Kiboko akajipangusa mdomo. Akawaza kidogo, na kwa kuwa si mtu mbaya sana akiwa na njaa ya kawaida, akasema, "Nilimwahidi, si nilimwahidi? Haya, tule."

Digidigi alikuwa ameshambadilisha mtoto, kamnyonyesha, na mtoto anasinzia. Akakitazama chungu. Akawatazama wenzake, vumbi mpaka kwenye kope, hawajala tangu asubuhi. Akakitazama kile kinywa.

"Leo zamu ya kupakua ni yangu," akasema. "Na mikono imejaa. Mzee, nishikie kidogo tu."

Akamlaza tena mtoto puani.

Akapakua. Sehemu mbili kwanza, za anayenyonyesha. Ya Twiga. Ya Mbuni, aliyeomba ukoko. Ya wengine wa timu. Jani moja la Kobe, ambaye alitoa kichwa aliposikia kijiko. Chiriku akapewa mbegu za boga kwa kazi ya kukaa juu ya ndoo. Mwisho akapakua ya Mzee Kiboko, bakuli lililojaa vizuri, hakumpunja, akalifunika kwa jani la mgomba akaliweka mbele yake limngoje.

Kisha akafanya wanavyofanya wenye nyumba kabla ya tonge la kwanza, akawahesabu kwa macho. Twiga yupo. Mbuni yupo. Wenzao wapo. Kobe yupo. Chiriku yupo, anaongea. Mzee Kiboko yupo, kimya. Mtoto yupo, amelala.

"Wote tupo," akasema Digidigi. "Karibuni."

Wakala. Kwa mara ya kwanza katika timu ile, chungu kilifika chini kikiwa na watu bado wamekizunguka.

Fundisho la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mwanamke akishazaa aache mpira, akae nyumbani atulie, asije akawasumbua wazee wenye shughuli zao.

Hadithi nimeirusha.

Tumeidaka.

Imeingia?

Chwaa.

Basi aliyesinzia katikati ndiye atakayeosha vyombo. Wengine sogeeni, ugali unapoa. Ngoja kwanza niwahesabu.