Mguu wa Kushoto wa Mzee Tweve

Hadithi hii nilisimuliwa na mama mwenzangu kliniki, tukiwa tumekaa kwenye benchi na watoto mapajani, tunasubiri zamu ya kupima uzito. Nimeiandika kama nilivyoweza, maana naona yuko mtu mahali fulani anayeihitaji leo.

Alikuwepo dereva mmoja aliyeitwa Mzee Tweve. Aliendesha gari la wagonjwa la kituo cha afya huko juu milimani, kule ambako mwezi wa saba nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi na watu wanaoga kwa kukisia.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la gia za mkono. Lakini wanawake wengi wa vijiji vile walijifungua salama kwa sababu Mzee Tweve alifika walipomwita. Akimbeba mama mjamzito alikuwa anapunguza mwendo kwenye kila shimo mpaka karibu kusimama, na anasema, "Samahani mama, hapa kuna shimo," kana kwamba ni yeye aliyelichimba.

Msimu mmoja wa baridi, gia zikaanza kumkataa.

Akitaka kuingiza namba moja, inagoma. Akiisukuma, inakwaruza kwa mlio unaotia ganzi meno. Kurudi nyuma ndiko kulikuwa kubaya zaidi, watu walisikia kuanzia sokoni.

"Mzee Tweve, leo unaendesha au unasaga mahindi?" vijana wa kijiweni walimtania.

"Nasaga," alijibu. "Leteni debe lenu."

Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka tena, na mkewe alijua asimuulize.

Shida ni kwamba mguu wake wa kushoto, ule wa kukanyagia klachi, ulikuwa na goti baya. Aliteleza zamani kwenye utelezi wa mvua, na tangu hapo baridi ikizidi goti linavimba. Basi watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Wakasema mguu umeisha nguvu, haumalizi klachi, ndiyo maana gia zinalia. Walisema kwa kumhurumia, lakini walisema kila siku. Na yeye, kwa kusikia kila siku, akaanza kuamini. Kila gia ilipokwaruza alilitazama goti lake kwa aibu.

Ikatokea siku moja anampeleka hospitali ya wilaya mama kijana aliyeitwa Faraja, uchungu umemzidi. Nyuma alikaa Sista Edina, muuguzi mkuu wa kituo, amemshika mkono. Kwenye mlima mkali wa kwanza gari likapungua nguvu. Mzee Tweve akasimama, akatafuta namba moja. Ikakataa. Akatafuta tena. Ikakataa. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, breki zikalishika, likateleza kidogo tena, mpaka tairi la nyuma likaegemea ukingo wa barabara.

Mtoto alizaliwa palepale, ndani ya gari. Alilia, mama yake akawa mzima, wote wakashukuru. Lakini Sista Edina aliondoka pale akiwa na jambo la kuiambia kamati.

Nataka mjue kwamba Sista Edina hakuwa mtu mbaya. Ni yule nesi ambaye kabla hajampima mtoto kifua anakipasha kwanza kipimo kwa kiganja, ili chuma kisimshtue. Lakini alikuwa ameogopa sana, na woga ule haukumtoka.

Alikwenda mbele ya kamati ya kituo akasema, "Mzee Tweve nampenda kama baba yangu. Lakini nikifumba macho naliona gari linarudi nyuma. Mguu wake umechoka. Naomba tumpumzishe kabla hatujamzika mtu."

Hakuna aliyempinga. Mwenyekiti, Bwana Fungo, akatoa uamuzi. Fundi aitwe aishushe giaboksi, lile sanduku la gia, maana kwa kukwaruzwa kote huko lazima meno yake yamekwisha. Na siku hiyohiyo fundi akimaliza, Mzee Tweve akabidhi funguo. Kazi apewe dereva mwingine.

Mzee Tweve alipoambiwa, alisema, "Sawa," basi. Asubuhi ya siku hiyo aliliosha gari mpaka vitasa vya milango, kama mtu anayemwogesha mtoto anayekwenda safari.

Fundi alikuja na pikipiki kutoka bonde la chini, kijana wa maneno mengi anayeitwa Anyosisye. Alikuta kamati nzima imesimama uani na makoti yao.

"Kamwene," aliwasalimia. "Nimekuja kuizika giaboksi, kumbe wafiwa mmeshafika."

Wachache wakacheka. Mzee Tweve alikuwa amesimama pembeni, karibu na tangi la maji.

Fundi akaingia chini ya gari, akafungua kidogo, akapima oili ya giaboksi. Ilikuwepo ya kutosha, na haikuwa na chembe za chuma. Akatoka huku anajikuna kichwa. Akapanda kwenye kiti cha dereva. Injini ikiwa imezimwa, akaupeleka mkono wa gia namba moja, mbili, tatu, nne, akarudi nyuma. Zote ziliingia laini, kama kijiko kwenye uji. Halafu akawasha injini, akakanyaga klachi, akajaribu tena.

Likalia kama siku zote. Wanakamati wakakunja nyuso.

Akazima. Laini. Akawasha. Likalia.

"Haya, wafiwa rudini nyumbani," akasema. "Giaboksi ni nzima. Ingekuwa imekufa, ingekataa hata injini ikilala. Hii inakataa injini ikiwa macho tu. Kinachosumbua ni klachi, haiachii."

"Haiachii vipi?" akauliza Bwana Fungo.

"Klachi ndiyo inayoshikanisha injini na gia, Mwenyekiti. Ukiikanyaga mpaka mwisho, inaachia, gia inaingia yenyewe. Ukiikanyaga nusu, inaendelea kushika, na wewe unalazimisha. Kelele mnazosikia ndizo hizo."

Bwana Fungo akawageukia wenzake. "Si ndicho tulichosema? Mguu haufiki mwisho."

Mzee Tweve akainamisha uso.

"Mwenyekiti," fundi akasema, "mguu uliokanyaga sasa hivi ni wangu. Na mimi sina goti bovu, jana tu nimecheza mpira."

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Miezi yote hiyo hakuna mwingine aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti.

Fundi akatazama maji ya klachi, yamejaa. Akatafuta mvujo, hakuna. Ndipo akamwita, "Mzee wangu, njoo kwenye kiti chako. Kanyaga kama unavyokanyaga siku zote, mimi niangalie kwa chini."

Mzee Tweve akapanda taratibu. Fundi akajilaza sakafuni mwa gari, kichwa kikaingia chini ya usukani, miguu yake ikabaki inaning'inia nje ya mlango.

"Kanyaga."

Mzee akakanyaga.

"Malizia."

"Nimemaliza, mwanangu. Ndio mwisho wake."

"Sio mwisho huo, mzee. Mwisho uko chini ya hiki."

Akavuta kitu. Kilikuwa kapeti nene, limeshonwa kwa blanketi la zamani, pembeni limezungushwa uzi mwekundu. Kisigino cha dereva kilikuwa kimelisukuma mbele kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka likajikunja na kujibana chini ya klachi. Pedali ikishuka, inakutana na ile mikunjo, inasimama.

"Kanyaga tena."

Mguu wa Mzee Tweve ukashuka, ukapita pale ulipozoea kukomea, ukaendelea kushuka. Akashtuka kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho. Fundi akamwambia awashe. Akaingiza namba moja. Hakuna aliyesikia kitu. Akaingiza ya kurudi nyuma. Kimya kile kile.

Yule mzee akabaki ameuweka mkono wake juu ya gia, anaitazama.

Fundi akajitoa, amelishika kapeti juu. "Sasa nani aliyeweka godoro humu ndani?" aliuliza kwa utani.

Sista Edina alilijua lile kapeti kabla fundi hajamaliza kuuliza. Alilishona yeye mwenyewe kwake, mwanzoni mwa msimu wa baridi, baada ya kumwona Mzee Tweve akilisugua goti kwa sababu ya upepo unaopenya kwenye sakafu ya gari. Siku ile alipiga magoti kwenye tope akalitandika, na mzee akamshukuru kwa mikono miwili. Gari lilianza kukwaruza baada ya hapo, kidogo kidogo, na hakuna aliyelikumbuka kapeti. Yeye mwenyewe hakulikumbuka.

Akafungua mdomo aseme. Lakini Mzee Tweve alimtangulia, wala hakumtazama.

"Limekuwepo tu humo," akasema. "Ni uzembe wangu. Sikuliangalia."

"Uzembe?" Bwana Fungo akapandisha sauti. "Mtoto amezaliwa mlimani kwa uzembe? Basi mzee, mguu umepona lakini kosa linabaki kuwa lako."

"Ni langu, Mwenyekiti."

Akachomoa funguo, akanyoosha mkono nje ya dirisha ampe Bwana Fungo, naye akanyoosha wake.

"Usizipokee," Sista Edina akasema.

Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa gari. Akalichukua lile kapeti kwa fundi, akalishika kifuani mbele ya wote. "Hili nililishona mimi. Nililitandika mimi. Na mimi ndiye niliyewaomba mumwondoe."

Bwana Fungo akauteremsha mkono wake bila kuzigusa funguo.

Sista Edina akamgeukia mzee. "Kwa nini hukusema, baba?"

"Sikujua kuwa ndilo, mwanangu. Nami nilidhani ni mguu, kama nyie."

"Lakini sasa hivi ulikuwa umeshajua."

Mzee Tweve sasa akamtazama. "Sasa hivi nilikukumbuka ulivyochafua gauni lako la kazi ukilitandika. Msimu wote huu goti langu halijapata baridi. Nikusemeje mbele za watu, na wewe ulikuwa unanipasha moto?"

Fundi Anyosisye akaingilia kati.

"Na baridi bado ipo," akasema. "Tusilitupe. Likikatwa hapa, likabaki upande huu wa kupumzishia mguu, klachi haliigusi. Nitalifunga kwenye kiti lisitembee tena. Mkasi uko wapi?"

Bwana Fungo mwenyewe akaenda kuuleta. Aliporudi alimpa Sista Edina mkasi, halafu akamwambia mzee, kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawakuizoea, "Kesho kuna mama wa kupeleka wilayani, mapema. Utaweza?"

"Nitaweza."

Sista Edina akapiga magoti mlangoni mwa gari, akaanza kukata pale fundi alipomwonyesha. Na Mzee Tweve, akiwa bado kwenye kiti chake, akainua miguu yote miwili juu kumpisha, kama mtoto anapofagiliwa chini ya kiti.

Hapo ndipo jina langu lilipoitwa kwenye mzani, sikusikia zaidi. Ukimaliza kuisoma, mpelekee mmoja ambaye siku hizi watu wanamsema hawezi.

Funzo: Kabla hujasema mtu ameshindwa, kaa kwanza kwenye kiti chake uone kilicho chini ya mguu wake. Huenda ni wewe uliyekiweka, na huenda ulikiweka kwa upendo.