Kaka wa Fundi Viatu

Wahenga waliposema "kawia ufike" hawakuwa wakiwatetea wavivu. Walimwona mtu aliyechelewa mno, anayeona haya kwenda, wakamwambia: nenda hivyo hivyo.

Mzee Makochi alianza maisha na sindano moja ya kushonea viti. Mtu huyu alikuwa na bidii ya mchwa, tusimnyime haki yake! Kufikia uzeeni alikuwa na maduka matatu ya samani. Sebuleni kwake kulikuwa na viti kumi na vinne, vyote bado vimevikwa nailoni, kwani hakuna aliyekuja kukaa. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe walikuwa mbali na simu zao zilikuwa za haraka haraka. Kwenye misiba na harusi za jamaa alikuwa akimtuma dereva na bahasha ya pesa. Yeye, eti, kazi zilimbana.

Asubuhi moja dereva alimwambia, "Mzee, yule mdogo wako fundi viatu macho yamemwishia. Anashona kwa kupapasa."

Mzee akatoa bahasha. Akaitazama, kisha akaangua kilio mbele ya dereva wake. Akaiacha mezani, akaenda mwenyewe kwa miguu. Njia nzima alijiuliza: je, akifukuzwa?

Alimkuta mdogo wake kwenye kibaraza cha duka la nguo, kiatu mapajani.

"Karibu, mteja. Soli au kushona?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Hapa kila anayekuja ni mimi."

"Kaka yako."

Mkono wa fundi ukasimama. "Umeleta bahasha?"

"Sijaleta kitu, mdogo wangu. Nimekuja tu."

"Siku ya kumzika mke wangu nilikuwekea nafasi kando yangu. Akaja kusimama dereva wako."

"Nilikosa. Nilikosa sana. Nisamehe."

Fundi akapapasa mshono wa kiatu. Hatimaye akamnyooshea sindano. "Haya, nitungie uzi. Tundu limenishinda tangu asubuhi."

Tajiri akajaribu, uzi ukapita mara ya tatu. Kesho yake alirudi, na keshokutwa yake pia. Wapita njia walicheka, "Mzee Makochi kafilisika, jamani!" Yeye akazidi kulainisha uzi kwa nta, amekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Ni wangapi wenye mali wangeweza hilo?

Siku moja alisema kwa uchungu, "Laiti ningekuja ukiwa bado unaona."

"Kweli, ulichelewa. Hilo sikufichi." Fundi akanyoosha vidole vyenye gundi, akaupapasa uso wa kaka yake, paji, mashavu, hadi kidevuni. "Loo! Umezeeka, kaka."

"Sana."

"Na mimi ningekufa bila kujua. Sogea karibu, kivuli kinahama."

Akasogea, mabega yao yakagusana. Ama kweli, kawia ufike.