Nakijwa Aliyebaki Benchini

"Je, yupo humu ndani mwenye neno moyoni juu ya mwenzake?"

Swali hilo, ndugu zangu, halikujibiwa. Inasimuliwa kwamba mchungaji wa usharika mmoja wa milimani Upare, zamani zile baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza, aliliuliza kila mara kabla ya Chakula cha Bwana, na kila mara jibu likawa ni vishindo vya miguu tu. Watu waliinuka benchi kwa benchi, wakaenda mbele wameinamisha vichwa kwa taadhima. Mmoja peke yake ndiye aliyebaki ameketi. Huyo alikuwa mjane, jina lake Nakijwa, Mola amrehemu.

Usharika ule ulikuwa na desturi njema. Jumamosi ya kujiandaa, waumini walizunguka nyumba kwa nyumba kupeana mikono ya amani. Mwenye kosa alimfuata mwenzake, wakashikana mikono mlangoni, na neno likahesabiwa limekwisha. Kidogo kidogo ikafika mahali mkono ukawa ndio msamaha wenyewe. Ukishapeana mkono umesafika, hata kama mlipeana huku kila mmoja anatazama kwingine.

Mlangoni kwa Nakijwa alifika shemeji yake, Mbonea. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu, mwenye sauti ya kuwaliza watu. Alinyoosha mkono akasema, "Amani, shemeji." Nakijwa akaupokea, akaitikia amani, akamkaribisha maji ya kunywa. Kesho yake swali likaulizwa, Mbonea akaenda mbele, Nakijwa akabaki benchini.

Wanawake wenziwe hawakumwacha. Walimwita mlinzi wa benchi. Jirani yake, Namche, alimwambia siku moja mtoni mbele ya watu, "Mama, hilo benchi likivunjika tutakudai wewe." Wakacheka, naye akacheka kidogo, akajitwisha mtungi wake akaondoka. Wengine walinong'ona kwamba lazima ana dhambi kubwa iliyofichika, maana mtu asiye na jambo abaki kufanya nini? Hebu tazameni haki ya wanadamu. Katika kanisa zima, aliyekataa kusema uongo mbele ya meza ya Bwana ndiye aliyepewa jina la mdhambi!

Neno lake lilikuwa hili. Mumewe, aliyezaliwa tumbo moja na Mbonea, alichukuliwa upagazi wakati wa vita, asirudi. Njaa ikafuata. Nakijwa alikuwa na mtoto mmoja tu, Nanzia, binti aliyekuwa ameanza kutamka maneno. Alipoona mtoto halii tena kwa njaa, anamtazama tu, alimfunga mgongoni akapanda kwa shemeji yake kuomba unga wa uji. Mbonea alitoka, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Humu hamna kitu, shemeji. Hata sisi tunalala hivyo hivyo."

Nyuma yake mkewe alipita, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga mpaka viwikoni. Nakijwa aliona. Hakuwa na nguvu za kubishana. Akateremka, na mtoto akamfia mgongoni njiani, wala hakujua ni kwenye kona ipi.

Hakumwambia mtu. Aliona kwamba akisema, Mbonea atatengwa na kanisa, na watoto wake, ambao hawakufunga mlango wowote, watabeba aibu pamoja naye. Basi akalinyamazia, akisubiri shemeji yake aje aliseme mwenyewe. Na katika kusubiri huko alijitahidi kwelikweli. Mke wa Mbonea alipojifungua, Nakijwa alimtekea maji na kumkatia kuni. Jioni alipopiga magoti alianza kusema, "Bwana, nimemsamehe," akakatiza katikati kwa kuwa haikuwa kweli, akaanza upya, "Bwana, wewe unajua," akaishia hapo. Alikitamani kile kikombe kama mtu aliye ugenini anavyotamani kwao. Jumapili za Chakula cha Bwana alirudi nyumbani, akalia, kisha akawasha moto akapika.

Mchungaji, mtu mpole, alimwendea safari moja akamuuliza kwa nini anajinyima neema, na hali mkono alishampa kila mtu.

"Mkono nilitoa, mchungaji," akajibu Nakijwa. "Mkono nikiutuma unakwenda. Moyo nautuma kila siku, unarudia njiani."

Miaka ikapita. Mke wa Mbonea akafariki, watoto wakaenda mbali kwenye mashamba ya mkonge, na Mbonea mwenyewe akaanguka kitandani asiinuke tena. Nani wa kumtazama? Namche na wenziwe walikuja, wakaimba wimbo, wakaenda zao. Nakijwa ndiye aliyekuja asubuhi na jioni kumkorogea uji na kumlisha kwa kijiko. Wala msidhani alifanya hivyo kwa raha. Kuna siku alikoroga huku machozi yanadondokea chunguni.

Siku mchungaji alipomletea mgonjwa mkate na kikombe, Nakijwa alikuwa ametoka kuupima unga. Mbonea akaitazama mikono ya Nakijwa, myeupe kwa unga, akaitazama kwa muda mrefu, hata mchungaji akadhani fahamu zimempotea.

"Shemeji," akasema mwishowe, "siku ile unga ulikuwepo."

"Najua. Niliuona mikononi mwa mkeo."

"Miaka yote hii unajua, na mkono unanipa?"

"Ulikuwa ukija kuomba mkono, shemeji. Jingine hukuwahi kuliomba."

Mzee yule aliyezoea kuwaliza wengine akalia mwenyewe, kilio kibaya kisicho na sauti. Akamwomba Nakijwa msamaha, akimtaja Nanzia kwa jina. Kisha akamgeukia mchungaji. "Rudi nacho kikombe. Nimekinywa kwa uongo siku zote. Leo niache nibaki benchini na shemeji yangu."

Mchungaji akasimama na kikombe chake mkononi. Akamuuliza Nakijwa kama amemsamehe. Neno moja tu lilitakiwa, tena tamu, na wote wangefarijika. Nakijwa akajichungua, akamkuta Nanzia yungali mgongoni, mzito vilevile.

"Sijui, mchungaji. Bado panauma," akasema. "Lakini mpe. Mimi nisiwe wa kusimama mlangoni nikamzuia mtu mwenye njaa."

Mbonea akapewa, na wiki haikuisha akafa. Nakijwa aliwapikia waombolezaji.

Jumamosi ya kujiandaa ilipofika tena, hakuna aliyebisha hodi kwake. Alikaa mlangoni mpaka giza likaingia, mkono wake umelala mapajani. Kesho yake mchungaji akauliza swali lile lile, na kama kawaida watu wakainuka. Nakijwa akabaki. Kisha, benchi zote zilipokuwa tupu, akasimama. Namche, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, akageuka akamnong'oneza, "Neno limekwisha, mama?"

"Halijaisha. Naenda nalo."

Wanasema alipopewa kikombe alikishika kitambo kabla ya kunywa, kama mama anayepima joto la uji wa mtoto. Mtoto hakuwepo. Akanywa, akarudi mahali pake akilia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, sisi tunawapenda waja wema waliokwisha kupona. Nakijwa hakupona. Alikuwa mwenye haki aliyejeruhiwa, akakataa kuliita jeraha kovu, na bado hakumnyima mtu uji. Kama Mola angewapokea waliopona tu, meza ile ingekuwa haina mtu.

Basi nakuomba jambo moja. Jumapili ukimwona mtu amebaki benchini wenzake wakienda mbele, usimtafutie dhambi. Sogea, ukae naye.